Mke wa Fulani, Gorogoro Mbili

Aprili 2025 niliamka nikakuta nimeongezwa kwenye grupu ya WhatsApp bila kuulizwa. Kamati ya Ujenzi. Picha ya grupu ilikuwa ramani ya kanisa la mawe lenye mnara, ile michoro ya kompyuta ambayo nyasi zake huwa za kijani kuliko nyasi zozote utakazoona Kenya hii. Ujumbe wa kwanza kabisa ulinihusu mimi: kijana wetu wa Nairobi, wewe ndiye umesoma, tuandikie historia ya kanisa, kurasa mbili tu, zisomwe siku ya kufungua. Na utupangie pia maneno ya kuchongwa kwenye jiwe.

Kanisa lenyewe ni la Baptist. Liko kati ya Kamukuywa na Kiminini, ndani kidogo ukitoka barabara kuu ya Webuye kwenda Kitale, yaani pale ambapo Bungoma inaishia na Trans Nzoia inaanza na matatu haikuambii. Jina lake nitaliacha. Mambo yake bado ya moto, na wanaolijua watalijua tu.

Nikajibu sawa, nitaandika. Kurasa mbili ni nini? Halafu mwenyekiti akanipigia simu kuelezea lile jiwe. Mheshimiwa mmoja ameahidi mabati yote ya paa, ya rangi, yale mazito. Kwa hivyo jiwe liseme: limewekwa na Mheshimiwa fulani, tarehe fulani. "Hayo mengine ongeza wewe."

Hayo mengine ndiyo yalinipeleka nyumbani.

Ukitaka kuandika historia ya parokia ya Kikatoliki, kuna daftari la ubatizo tangu padre wa kwanza. Waanglikana wana dayosisi, na dayosisi ina ofisi, na ofisi ina kabati. Baptist hakuna kabati. Kila kanisa linajitawala, halina askofu juu yake, na kumbukumbu zake ziko popote katibu alipoziweka, hata kama ni chini ya godoro. Hii si uzembe, ni imani. Kundi la kwanza la Wabaptisti lilikuwa la wakimbizi Waingereza mjini Amsterdam, 1609, na mmoja wao, Thomas Helwys, alirudi London karibu na 1612 akaandika kitabu kumwambia mfalme kwamba yeye ni binadamu wa kufa kama wengine na hana mamlaka juu ya roho za watu. Alifungwa gereza la Newgate na hakutoka hai. Tangu hapo ukoo huu wa makanisa una mzio wa wakubwa. Kila aliyebatizwa ana kura moja, mchungaji hali kadhalika. Sikujua kwamba historia hiyo ya mbali ingenihusu siku moja, kwenye mkutano, nikiwa nimeinua mkono.

Kwanza nilihitaji mwaka. Kanisa lilianza lini? Mzee mmoja aliyekuwepo akaniambia, "Wakati wa Kenyatta." Kenyatta alitawala miaka kumi na mitano, mzee. Akafikiri. Akasema udongo ulikandikwa mwezi wa Agosti na kazi ilisimama wiki nzima, vijana wote walikuwa kwenye sherehe za tohara. Basi hapo nikaipata. Wabukusu hutahiri Agosti ya miaka shufwa tu, 1970, 1972, 1974, haikosei. Mwingine akakumbuka kwamba wakati huo Wabaptisti wa Kenya walikuwa ndio wametoka kuunda muungano wao wa kitaifa, na hiyo ilikuwa 1971. Nikaandika 1972. Sina karatasi, nina visu vya watahiri, na mimi naviamini kuliko karatasi nyingi.

Lakini 1972 ni kuchelewa sana kwa upande huu wa nchi. Friends, wale wanaoitwa pia Quaker, walifika Kaimosi 1902, na baadaye wakaweka kituo Lugulu, katikati ya Wabukusu. Wakatoliki wa Mill Hill wakawa Kibabii. Kufikia wakati wazazi wa babu yangu wanaoana, ukisema "dini" hapa ulimaanisha mojawapo ya hizo mbili, au ulimaanisha kitu kilichokuja kuzipinga zote. Elijah Masinde alilelewa kwenye Friends. Alikuwa mchezaji mpira hodari, aliyewahi kuichezea Kenya kwenye Kombe la Gossage. Miaka ya 1940 akaanzisha Dini ya Msambwa, akiwataka watu warudi kwa mizimu yao na Wazungu warudi kwao. Februari 1948 wafuasi walikwenda Kibabii kuwaamuru wamisionari waondoke. Siku chache baadaye, Malakisi, polisi walifyatulia umati risasi wakaua watu 11. Serikali ikapiga dini hiyo marufuku, naye Masinde akapelekwa kuzuiliwa mbali, mpaka Lamu. Kwa hiyo usidhani nyumba ya ibada hapa kwetu ilikuwa kitu cha kupendeza tu chenye kengele. Watu walikufa wakibishania nani ana haki ya kusali wapi, kwenye ardhi ya nani.

Ardhi hasa. Kwa wazee wetu Mto Kamukuywa ndio uliokuwa mpaka: upande huu ni sisi, upande ule ni mashamba ya walowezi. Trans Nzoia yote ilikuwa sehemu ya ile nyanda ya juu iliyotengewa Wazungu. Reli ya Kitale ilifika 1926 kubeba mahindi yao. Mwafrika aliishi pale kama kibarua, na kibarua hana ploti ya kujenga kanisa. Alisali pale bwana shamba alipomruhusu, na bwana akiuza shamba, kanisa lilihama na watu. Ndio maana makanisa mengi ya huko yana umri sawa na hati za mashamba. Baada ya uhuru watu walichangishana, wakanunua mashamba kwa ushirika na kwa hisa, wakagawana ekari. Babu yangu, kuka, alivuka mto hivyo. Upande ule mpya haukuwa na kanisa lolote la karibu, ndipo Wabaptisti, waliochelewa kila mahali pengine, wakawahi hapo.

Walichelewa kwa sababu wamisionari wao walifika Kenya 1956 tu, wakitumwa na Southern Baptist Convention ya Marekani. Hapa nilisita kidogo kuandika. Muungano huo ulianzishwa 1845 mjini Augusta, Georgia, baada ya Wabaptisti wa kusini kugombana na wale wa kaskazini. Swali lililowatenganisha lilikuwa je, mtu mwenye watumwa anaweza kuwa mmisionari? Kusini wakasema anaweza. Iliwachukua miaka 150, mpaka 1995, kuomba msamaha rasmi. Na Kitale, kilomita chache kutoka kanisani kwetu, wenyeji watakuonyesha kwenye Kitale Club duara la mawe, wakikuambia kwamba hapo ndipo misafara ya watumwa ilikuwa ikipumzishwa. Nilimwonyesha mwenyekiti aya hiyo. Akasoma, akanirudishia simu. "Hii usomee watu wa Nairobi," akasema. Haya basi, nawasomea nyinyi.

Siku hiyo nilipita pia Kitale Museum. Kilianza 1926 kama mkusanyiko binafsi wa mlowezi mmoja, Hugh Stoneham, aliyependa vipepeo, na tangu 1974 ni makumbusho ya umma. Nje wamejenga nyumba za jadi za jamii za eneo hili, za udongo na nyasi, na zinatunzwa. Udongo ukipasuka unakandikwa upya. Nilisimama hapo muda mrefu kuliko nilivyopanga, kwa sababu wiki iliyotangulia mafundi wetu walikuwa wamebomoa ukuta wa mwisho wa kanisa la zamani, na udongo wake wakaujaza kwenye msingi wa lile jipya.

Kanisa la 1972 lilikuwa la nguzo, fito, udongo na nyasi. Wanaume walisimamisha nguzo, wanawake wakabeba maji kutoka mtoni, wakakanyaga udongo kwa miguu, wakakandika, wakapaka samadi. Hivyo ndivyo kazi inavyogawanywa kwetu, na ukiangalia vizuri utaona kwamba wanaume walifanya kazi ya siku mbili na wanawake ya wiki tatu. Kila Desemba, kabla ya Krismasi, walipaka tena. Hapo ndipo hesabu yangu ilivurugika. Kamati ilisema kanisa limejengwa mara tatu: nyasi, mabati, na sasa mawe. Ukiwauliza wanawake, limejengwa kila mwaka.

Ile mara ya pili, ya mabati, ndiyo yenye karatasi. Mjane wa katibu wa zamani alinipa daftari la shule la kurasa 96, jalada limeliwa na panya pembeni. Lina michango ya 1984. Kwa ambao hamkuwepo (mimi pia sikuwepo), 1984 ni mwaka wa ule ukame mkubwa, mahindi ya manjano yakaletwa kutoka ng'ambo na Wakenya wakayala wakinung'unika. Hata Trans Nzoia, ghala la nchi, watu walipimiana kwa mkebe. Katika mwaka huo huo, watu hawa walikuwa wakitoa mahindi ili nyumba ya Mungu iezekwe mabati. Daftari linasema: fulani, shilingi tano. Fulani, kuku mmoja, jogoo. Fulani, debe nusu. Na ukurasa wa nne, kwa kalamu ya bluu: mke wa, halafu jina la kuka, gorogoro mbili.

Gorogoro, kama umekulia mjini tu, ni ule mkebe wa kilo mbili. Mbili ni kilo nne. Nyumba ya watu wanane, mwaka wa njaa.

Karibu wanawake wote kwenye daftari hilo ni "mke wa" au "mama ya". Nilihesabu majina ya wanawake yaliyoandikwa kama majina yao. Yalikuwa matatu, na wawili kati yao walikuwa wajane.

Kuna kurasa zimechanwa. Mjane akaniambia zilitumika 1992, wakati wa yale mapigano ya kikabila ya kabla ya uchaguzi, watu walipokimbia kutoka pande za Mlima Elgon na mashamba ya jirani. Walilala kanisani, juu ya samadi, na katibu alihitaji karatasi ya kuandika nani yuko na nani ana watoto wangapi. Orodha hiyo ilipelekwa kwa waliokuwa wakigawa unga, haikurudi. Mwaka 2008 walikuja wengine, ingawa wengi walikuwa kwenye uwanja wa maonyesho wa Kitale. Safari hiyo wachache walikubali kulala kanisani. Walikuwa wamesikia ya Kiambaa, karibu na Eldoret, ambako Januari mosi kanisa lilichomwa na wanawake na watoto waliokimbilia ndani. Mzee mmoja aliniambia alikaa mlangoni usiku kucha na rungu, akijua kabisa kwamba rungu halizimi petroli.

Haya yote nilitaka yaingie kwenye kurasa mbili. Na kwenye jiwe nilitaka majina ya daftari. Nilipeleka pendekezo kwenye grupu, nikaweka na mfano wa kanisa lingine la Baptist lililojengwa upya. Septemba 15, 1963, wabaguzi walitega bomu kwenye 16th Street Baptist Church, Birmingham, Alabama. Wasichana wanne waliuawa, watatu wa miaka 14 na mmoja wa 11. Habari zilipofika Wales, msanii wa vioo aitwaye John Petts akajitolea kutengeneza dirisha jipya, na gazeti la huko, Western Mail, likaanzisha mchango. Mhariri wake akaweka sharti moja: hakuna kutoa zaidi ya nusu crown, yaani shilingi mbili na peni sita za wakati huo. Hakutaka tajiri mmoja alipe yote. Watoto walileta sarafu zao. Dirisha liliwekwa 1965, lina Kristo mweusi mikono imenyooshwa, na chini yake waliotajwa kuwa watoaji ni watu wa Wales. Basi.

Grupu ikanyamaza. Halafu mtu akatuma emoji ya mikono ya maombi. Halafu mwingine akauliza, "Sasa hao wa Wales wanaweza kutupatia mabati?"

Nilicheka, lakini swali lilikuwa na uzito. Sisi wa Nairobi tulikuwa tumetoka 2024 na mioyo yetu. Juni mwaka huo vijana walikuwa barabarani, na mojawapo ya mambo waliyoyadai ni kwamba wanasiasa waache kutumia madhabahu kama jukwaa. Mwaka 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alikuwa ameshawanyima kipaza sauti palepale Butere, siku ya kumweka wakfu Rose Okeno, mwanamke wa kwanza kuwa askofu wa kuongoza dayosisi ya Kianglikana Kenya. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo aliagiza mchango wa rais kwa kanisa la Soweto, Nairobi, urudishwe. Machi 2025 rais akaahidi milioni 20 kwa kanisa moja Roysambu na vijana wakafika nje kuandamana. Nilikuwa nimejaa haya yote. Nikaona nina haki ya kusema hapana.

Lakini Sapit ana dayosisi. Anyolo ana jimbo zima nyuma yake. Kanisa linalojitawala lenye watu mia na kidogo, wengi wao wakulima ambao bei ya mahindi inawapiga kila Novemba, likisema hapana, linanyeshewa. Uhuru ule wa Helwys una bei, na bei yenyewe inakuja na vipimo vya geji.

Mkutano ulifanyika Juni, Jumapili baada ya ibada, kwenye mahema, maana kuta zilikuwa zimefika usawa wa madirisha. Kwa wanaotaka kujua: mimi ni mshiriki halali, nilizamishwa kwenye Mto Kamukuywa nikiwa na miaka 14, maji baridi, mchungaji akanishika pua. Nilisimama nikasoma ukurasa wa nne wa daftari. Nikapendekeza tupokee mabati lakini jiwe liwe na majina ya 1984, au lisiwe na jina lolote.

Walionipinga hawakuwa wajinga, na nitawatendea haki. Shemasi mmoja aliuliza, je, hao wa kwenye daftari waliohamia makanisa ya Kipentekoste na kutuita wafu, nao tuwachonge? Mama mmoja alisema jina la mama yake limo, na lingemfurahisha, lakini mvua ya Agosti haitangoja tuhesabu gorogoro. Mwingine alisema wazi: mheshimiwa asipoona jina lake, mabati hayaji. Hapo watu walinyamaza, maana kila mtu alikuwa analijua hilo na hakuna aliyekuwa amelisema.

Tulipiga kura kwa kuinua mikono. Tulishindwa. Si kwa nyingi, lakini Baptist hamna kura ya karibu, kuna kushinda na kushindwa. Jiwe litakuwa na jina moja. Kurasa zangu mbili zilipunguzwa kuwa moja, na 1845 iliondolewa yote. Waliiacha ile ya tohara, waliipenda.

Kuna mtu ambaye hakupiga kura. Kukhu, bibi yangu, alikuwa amekaa pembeni chini ya mti wa mruku na chupa ya chai. Yeye ni Friends tangu kuzaliwa, na Friends hawabatizi kwa maji hata kidogo, kwao ubatizo ni wa moyoni. Kuka alipozamishwa yeye alikataa, na kwa miaka hamsini Jumapili hutoka nyumbani pamoja, kisha wakaachana njia panda, mpaka kuka alipofariki. Kwa sheria za kanisa letu yeye si mshiriki na hajawahi kuwa. Jina lake haliko kwenye rejista yoyote ya Baptist. Ndiye aliyekanyaga udongo wa 1972 akiwa na mimba ya baba yangu. Nilipomuuliza kwa nini ujengee watu kanisa ambalo si lako, aliniangalia kama mtu aliyeuliza kwa nini unazika jirani.

Nikakaa karibu naye. Nilikuwa na hasira na sikutaka aione. Nikamwambia basi kukhu, jiwe tumeshindwa, lakini mimi nimeandika, na popote nitakapoandika jina lako litakuwepo. Nikamfungulia daftari, nikamwekea kidole pale kwenye kalamu ya bluu. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, kwa hivyo nikamsomea. Mke wa fulani, gorogoro mbili.

Akashika daftari, akalileta karibu na uso.

"Zilikuwa tatu," akasema. "Huyo katibu alikuwa hivyo hivyo. Andika tatu."